Minyororo ya Fundi Sponji

Fundi Sponji alikuwa mwindaji kwa kila kitu isipokuwa kuwinda. Alikuwa na kofia ya kuwindia, buti za kuwindia, kisu chenye ala ya ngozi aliyoishona mwenyewe, na namna yake ya kufinya macho akitazama mbali, hata pale ambapo mbali penyewe palikuwa ukuta wa jirani. Bunduki hakuwa nayo, wala hakuitaka. Mlio wake ulimshtua. Siku shemeji yake alipompa aijaribu, aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga asiye wake, akairudisha upesi akisema bega linamsumbua.

Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye cherehani nzito karibu na mlango, mabunda ya ngozi bandia yamesimamishwa pembeni, na sponji kila mahali. Vumbi la sponji lilimkaa kwenye nyusi na masikioni, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Na ni humo humo, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama choo cha jirani, ndimo pori lilimomwingia. Viti vya magari ya wawindaji vilikuja kwake na habari zake. Akikifumua kiti, anakuta unyoya wa kanga, mbegu za nyasi zenye miiba, ganda la risasi, donge la udongo mweusi lililokauka na alama ya kisigino cha mtu. Mwingine angechukua ufagio. Yeye aliviweka kwenye kopo tupu la rangi, na wakati wa chai alivimwaga mezani akavitazama kimoja kimoja. Kulikuwa na watu wanaishi, aliwaza, na yeye kazi yake ni kuwashonea pa kukalia.

Kisha akaoa kwa wawindaji. Baba mkwe wake, mwindaji mkubwa wa enzi zake, alikuwa ameshafariki, lakini alimwachia mwanawe bunduki, kibali, na majivuno yote ya ukoo. Huyo mwana, kaka wa mkewe, alikuwa na bucha kwenye barabara kuu. Mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuuza nyama hata akiwa msibani. Kila msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, na kwa bahati mbaya ulifunguliwa mvua zikiwa bado zinanyesha, alipanda vilimani kutafuta swala na kanga. Aliponunua pikapu mpya inayovuta kwa magurudumu yote manne, ile ya zamani alimwachia Fundi.

"Chukua, shemeji," alisema. "Ikifa, uani kwako ni pakubwa, utaizika."

Fundi alianza na alichokijua. Alivifumua viti vyote, akaviweka sponji mpya, akavivika ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee yenye mishono miwili miwili. Ukikaa ndani ulijiona waziri. Ukishuka ukaitazama pikapu kwa nje, ulitamani kuichangia.

Tabu ni kwamba pikapu hiyo ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na njia ya vilimani, ukishapita lango la hifadhi, ilikuwa ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo ule ukiwa mkavu unagonga kama tofali. Ukilowa kidogo unateleza kama sabuni. Ukilowa sana unanata, unajaza meno ya tairi mpaka tairi linabaki duara laini lisiloweza kuuma kitu, linazunguka tu pale pale huku gari likishuka chini taratibu kama mtu anayeingia maji ya moto.

Msimu wa kwanza Fundi alikwama mbele ya lango, mahali ambapo askari wa wanyamapori hakuhitaji hata kuinuka kwenye kiti chake ili amwone vizuri. Msimu uliofuata alipiga hatua: alikwama kwenye kona ya kwanza. Kila mara shemeji yake alimfunga kamba, akamvuta mpaka langoni, akamwachia vyombo vya chakula avilinde, akaenda zake kuwinda. Jumatatu ikifika, habari ilikuwa imeshatundikwa bucha pamoja na mapaja.

"Nikupimie steki, au nikupimie habari ya shemeji yangu?" aliwauliza wateja, shoka likiwa bado juu.

Wengi walichukua vyote viwili.

Kilichomuuma Fundi hakikuwa kicheko. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na la kubisha. Habari zote zilikuwa za kweli.

Minyororo aliipata kwa muuza vyuma chakavu alipokwenda kutafuta springi za viti. Ilikuwa imerundikwa chini ya mlango wa lori: miwili, mizito, imefumwa mfano wa ngazi ya kamba, kila mmoja na vipande vifupi vya kukatiza katikati yake. Muuza vyuma alimweleza kwamba hiyo huvishwa tairi linapoingia topeni, ili chuma king'ate pale mpira unaposhindwa. Fundi alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye pete moja baada ya nyingine. Mkewe alisema baadaye kwamba siku anamchumbia hakuwa na uso kama ule. Walipatana kwa kazi: Fundi alimshonea muuza vyuma kiti cha kupumzisha mgongo, na fundi wa kuchomelea akaikata minyororo ilingane na tairi za pikapu.

Mkewe alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaani. Jioni hiyo alirudi kazini akamkuta mumewe amelala chali uani, nusu yake imeingia chini ya gari.

"Umeikamata kwa kosa gani?" aliuliza.

"Nani?"

"Gari. Naona umeitia pingu."

"Hii ni minyororo ya tope, mama watoto. Safari hii nafika juu."

"Juu kuna nini?"

Fundi alitoa kichwa, akafikiri. Kwa kweli hakuwa anajua.

"Wewe ngoja tu," alisema, akarudi chini.

Alifanya mazoezi pale uani, juu ya saruji kavu, jua likiwaka. Unautandaza mnyororo nyuma ya gurudumu, umenyooka, kulabu zikitazama nje zisije zikalitoboa tairi. Unarudi nyuma polepole mpaka gurudumu liukanyage katikati. Unazivuta ncha juu, unafunga upande wa ndani kwanza, ambako huoni kitu na unafanya kwa kupapasa, halafu wa nje. Unasogea kidogo, unashuka, unakaza tena, maana mnyororo ukishatembea hulegea. Na yako mambo mawili ambayo muuza vyuma alimsisitizia, na yeye akayafanya dini: funga kabla ya kuingia topeni, siyo umeshazama, na ukifika barabara ngumu, vua.

Aliyasema mezani. Aliyasema kupitia mlango wa bafu. Dereva mmoja wa teksi ambayo haikuwahi kutoka mjini alileta kiti kilichochanika, akaondoka na kiti kilichoshonwa pamoja na elimu kamili ya kuvisha minyororo, bila kujua amekosa nini kustahili adhabu hiyo.

Msimu ulipofunguliwa, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Walitoka asubuhi magari mawili: shemeji mbele na bunduki yake, Fundi nyuma na minyororo yake. Mkewe naye alipanda. "Miaka yote nahadithiwa unavyozama," alisema. "Leo nataka nione kwa macho yangu."

Langoni Fundi alisimama, akashusha minyororo. Shemeji yake alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji, hapa bado pagumu! Wewe unavaa koti la mvua ukiwa sebuleni?"

"Funga kabla ya tope," Fundi alijibu.

"Haya, padri. Nikipata swala nitakuwekea ngozi, ushonee kiti." Akakanyaga mafuta akaondoka.

Uani kwake, kwenye jua, Fundi alikuwa mwepesi. Hapa mvua ilimwingia shingoni, vidole vikafa ganzi, na kulabu ya ndani ikamkataa kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Askari wa lango alimwonea huruma, akaja na mwavuli. Akamfunika Fundi miguu, kwa kuwa kichwa kilikuwa chini ya gari. Mkewe alikaa ndani kwenye kiti chake cha waziri akitafuna karanga. Hatimaye kulabu zote zikaingia. Fundi akasogeza gari, akashuka, akakaza tena, akapanda.

Pikapu ilianza kulia kama mtu anayeburuta sufuria zote za jikoni ngazini. Ikaipita sehemu ya langoni alipokwama mara ya kwanza. Ikaipita kona ya kwanza. Tope liliruka nyuma kwa mabonge, usukani ulimtetemekea mikononi, na gari likapanda, polepole mno, mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli, lakini likapanda. Fundi aling'ang'ania usukani. Alikuwa anaogopa kwamba akifungua mdomo atalia.

Walimkuta shemeji katikati ya mwinuko mkali. Pikapu mpya ilikuwa imeegemea ukingo wa mtaro, magurudumu yote manne yakizunguka kwa bidii sawa. Gari la kawaida likikwama huchimba mashimo mawili. Hilo, kwa kuwa lilikuwa la kisasa, lilikuwa limechimba manne. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, tope mpaka kiunoni, buti moja mkononi.

Fundi alisimama, akashuka, akafinya macho akitazama mbali.

"Shemeji, kuna tatizo?"

"Hakuna. Napumzika."

"Basi pumzika, shemeji. Sisi tunapanda kidogo."

"Mvute kaka yangu," mkewe alisema kutoka ndani.

"Hajaomba."

"Kaka, omba."

Mwenye bucha alitazama mbingu, hakuona msaada. "Shemeji," alisema, kwa sauti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia, "naomba univute."

"Eti? Hii injini ina kelele…"

"Umesikia," mkewe alisema.

Alimfunga kamba, akamvuta. Magari yote mawili yakafika juu, la Fundi likitangulia na la kisasa likifuata kwenye nyayo zake. Juu kulikuwa na uwanda mpana wa nyasi ndefu zilizolazwa na upepo, na mawingu yalipita karibu kiasi kwamba Fundi alivua kofia. Alisimama pale kwa muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa ametayarisha maneno kadhaa ya kumchokoza, aliyameza.

Shemeji alitoa bunduki, akajilaza kwenye nyasi, akangoja. Wakangoja wote. Hakikupita kitu. Hapakuwa na swala, hapakuwa na kanga, hata kwale mmoja wa kupotea njia hakutokea.

"Wamesikia," shemeji alisema mwishowe.

"Nani?"

"Wote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Walipokuwa wakishuka, askari wa lango aliwaeleza kwamba kundi zima la swala lilikuwa limepita mbele ya kibanda chake mbio, wakubwa kwa wadogo, na yeye akadhani huko juu kumeshika moto. Minyororo ilikuwa imewafikisha mahali ambapo hawakuwahi kufika, na ilikuwa imewaarifu wenyeji wa mahali hapo mapema, kwa heshima zote, ili wapate nafasi ya kuondoka.

Lakini Fundi hakujali swala. Alikuwa amefika, na aliyewahi kumcheka alikuwa amesema *naomba*. Pale langoni ndipo lami ilipoanzia. Aliinama kwenye gurudumu, akaishika kulabu. Halafu akaufikiria mji: barabara kuu, watu vibarazani Jumamosi alasiri, ukimya wa magari mengine. Akaiachia.

"Si ulisema barabara ngumu unavua?" mkewe aliuliza.

"Nitavua nyumbani. Kuna maji ya kuiosha."

Mkewe alimtazama kwa jicho analowatazamia wagonjwa wanaosema wamemeza dawa zote.

Juu ya lami kelele zilizidi mara tatu. Cheche ziliruka. Watu walitoka: wanawake wenye vichwa vilivyosukwa nusu walitoka saluni, fundi wa kuchomelea akainua kinyago chake na kupiga makofi, wazee wa bao waliacha kete. Fundi alipunga mkono kama bwana harusi. Nyuma yake shemeji alianza kupiga honi, mara moja, mara mbili, kisha bila kupumzika.

"Umeona?" Fundi alimwambia mkewe. "Hata yeye ananipongeza." Na kwa furaha akaongeza mwendo.

Shemeji hakuwa anapongeza. Kutoka nyuma aliona wazi kwamba mnyororo wa kushoto umekatika pete, na ncha yake inazunguka hewani ikiikung'uta pikapu kama mtu anayekung'uta mkeka. Kwanza iling'oa madigadi. Kisha ikalifikia bomba la breki. Fundi aliijua habari hiyo kwenye njia panda, alipokanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na mtu.

Alishusha gia, gari likapiga kelele, likapungua mwendo, halikusimama. Kulia kulikuwa na watu. Kushoto kulikuwa na genge la matunda lenye mwenyewe ndani. Mbele kulikuwa na bucha iliyofungwa, kwa kuwa mwenye bucha alikuwa amekwenda kuwinda. Fundi alichagua bucha. Pikapu ilipanda kidaraja, ikaliangusha bango lenye picha ya ng'ombe, ikausukuma mlango kwa pua, na kusimama hapo kwa adabu, kama mteja wa kwanza.

Injini ikazimika.

"Sasa vua," mkewe alisema.

Shemeji alifika akikimbia. Alifungua mlango wa upande wa dada yake kwanza.

"Dada, mzima?"

"Mzima. Kiti kizuri."

Akamgeukia Fundi, akamkagua kichwa mpaka miguu, akaona naye mzima. Ndipo alipozunguka nyuma ya gari, akakaa chini kwenye lami, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimekupigia honi mpaka gumba linaniuma!"

"Nilidhani unanipongeza," Fundi alisema.

Hapo shemeji akalala kabisa.

Habari hiyo iliuza nyama kuliko zote zilizotangulia. Ilikuwa na ushahidi: kwa muda mrefu mwenye bucha alikataa kuuziba ufa wa mlangoni, na wateja waliingiza kidole wakisubiri zamu. Ile sehemu ya kuvutwa kwenye mwinuko haikuwamo katika simulizi. Bango lilirudishwa, ng'ombe akapakwa rangi upya na mchoraji wa haraka, akatoka na macho yaliyokodoka kama ya mtu aliyeona gari linamjia.

Fundi aliitia minyororo kwenye gunia, akalisukuma nyuma ya cherehani. Breki ilitengenezwa, madigadi yakarudi yakiwa na kigongo, lakini mwenyewe hakutengenezeka. Alishona kimya. Mezani alikula kimya. Mkewe, aliyekuwa ameomba kwa muda mrefu asisikie tena neno *kulabu*, alianza kulikosa.

"Hebu niambie," alisema siku moja akimwaga chai, "hivi unafunga upande wa ndani kwanza, au wa nje?"

"Wa ndani," Fundi alijibu, akapuliza chai yake.

Msimu mwingine ulipokaribia, shemeji alikuja karakana. Ilikuwa mchana, mvua nje. Alisimama mlangoni akizungusha ufunguo kidoleni. Alizungumzia bei ya ng'ombe. Alizungumzia goti lake. Halafu akasema viti vya pikapu yake vimelegea.

Fundi alitoka, akavitikisa, akarudi. "Havijalegea, shemeji."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

Shemeji alitazama mabunda ya ngozi bandia kana kwamba anatafuta mmoja wa ndugu zake humo. "Hivyo vitu vyako," alisema. "Vile vya kuvisha. Hivi vinapatikana wapi?"

Fundi alikuwa katikati ya mshono. Aliupeleka mpaka mwisho, akakata uzi. Kwa siku kama hii alikuwa na maneno, ameyatunga kwenye cherehani, ameyanyoosha, mengine makali kweli kweli. Aliyatafuta, hakuyaona. Alichokiona ni kwamba amefurahi tu, furaha ya kijinga, kama mtoto aliyeitwa kucheza.

"Kaa, shemeji," alisema. "Nikueleze."

Walikwenda pamoja kwa muuza vyuma, wakafanya mazoezi pamoja uani. Fundi alipata uchungu mdogo alipoona mikono ya mwenye bucha, iliyozoea kupapasa ndani ya ng'ombe, ikiipata kulabu ya ndani mara moja bila kutazama. Akajikaza. "Kulabu zitazame nje," alisema, na mwenzake akazigeuza bila kubisha.

Tangu hapo wanapanda magari mawili, minyororo minne. Kelele zake husikika mpaka ng'ambo ya pili ya vilima, na wawindaji wengine wakiwaona langoni hugeuza magari yao wakaenda upande mwingine, wakitukana kwa sauti ya chini. Swala wameshaijua tarehe. Bunduki ya ukoo inasafiri ndani ya mfuko wake na kurudi ndani ya mfuko wake. Shemeji hubeba nyama kutoka bucha yake mwenyewe, wakaichoma juu kule kwenye uwanda, na wakila hawazungumzi wanyama hata kidogo. Wanazungumza njia: pale ilipoteleza, pale gurudumu la kushoto lilipotafuta likakosa likapata, nani aliingia kona vizuri. Mkewe Fundi hulala kwenye nyasi akiwa amejifunika kofia ya mumewe usoni, na wakibishana sana huinua ukingo wake na kuamua.

Wakishuka, husimama langoni kuvua, wanaume wawili wazima wamelala topeni kila mmoja chini ya gari lake. Mara ya mwisho askari alitoka na mwavuli wake, akainama.

"Mmepata nini leo, wakubwa?"

Chuma kiligonga chuma. Kisha kutoka chini ya pikapu ya kisasa ikaja ile sauti ya kuuza nyama, nene, yenye kuridhika.

"Tumefika mpaka juu."

Askari alitazama sehemu ya mizigo ya gari, akaona wavu wa kuchomea na mnyororo mmoja uliokwisha kuvuliwa, umelowa. Akatazama kilima.

"Hongereni," alisema, akawafunika miguu kwa zamu.